Kwanza Hesabu Meno: Mwongozo wa Mkusanya Peni

Anayetaka kukusanya peni za bronzi za Uingereza aanze kwa kuufukuza utajiri kichwani. Wageni wengi wa kazi hii huja na peni moja waliyoikuta kwenye sanduku la babu, imeandikwa 1967, na tayari wameshaipigia hesabu: kiwanja, mabati, karo ya watoto. Peni zenye mwaka huo zilipigwa zaidi ya milioni 654. Mgeni wa namna hiyo mpe pole, mkaribishe chai, kisha mwekee mezani peni ya 1869 iliyochakaa hadi uso wa Malkia Victoria umelainika, na mwambie kwamba hii ndiyo inayotafutwa. Akicheka, msindikize mlangoni kwa heshima. Akiinama na kuuliza, "Kwa nini?", mvutie kiti. Huyo ameshaingia, na kutoka ni kazi.

Mwongozo huu nimemwandikia huyo wa pili. Una mizaha, kwa sababu tabia zetu wakusanyaji zinaitaka mizaha, lakini kila agizo lililomo nalisimamia.

Ijue kabla ya kuitafuta

Peni za bronzi zilianza 1860. Kabla ya hapo peni ya Mwingereza ilikuwa ya shaba, pana milimita 34 na nzito karibu gramu 19, ya kutosha kuvuta mfuko wa koti chini. Ile mpya ilichanganywa shaba asilimia 95, bati asilimia 4 na zinki asilimia 1, uzito ukashuka hadi gramu 9.45 na upana hadi milimita 31 kasoro kidogo. Waliopanga uzito huo walijua wanachokifanya: peni tatu zilitimiza wakia moja, peni 48 ratili moja. Pauni ya fedha ilikuwa na peni 240, kwa hiyo aliyelipwa pauni yake nzima kwa peni alirudi nyumbani na ratili tano mfukoni, kilo mbili na robo hivi.

Shilingi moja ilikuwa na peni 12. Anayekumbuka shilingi ya kikoloni ya Afrika Mashariki, iliyolingana thamani na shilingi ya Uingereza lakini ikagawanywa kwa senti 100, ana haki ya kuuliza kwa nini Waingereza wenyewe waliendelea kuhesabu kwa kumi na mbili hadi tarehe 15 Februari 1971. Walichelewa, na sisi wakusanyaji tunawashukuru kwa kuchelewa kwao. Peni ilikoma kuwa fedha halali tarehe 31 Agosti mwaka huo, na hadi siku zile za mwisho mnunuzi wa gazeti mjini London aliweza kurudishiwa chenji yenye peni ya Victoria iliyozunguka mikononi mwa watu karibu miaka mia moja. Ndiyo sababu zilizochakaa ni tele na zilizobaki na sura yake ni chache.

Vichwa ni sita. Victoria wa kwanza, mwenye nywele zilizofungwa kifundo kisogoni, ni kazi ya Leonard Charles Wyon, na alidumu hadi 1894. Victoria wa pili, mzee aliyejitanda shela, ni wa Thomas Brock, 1895 hadi 1901. Edward VII ni wa George William de Saulles, George V ni wa Bertram Mackennal, George VI ni wa Humphrey Paget, na Elizabeth II ni wa Mary Gillick. Upande wa pili amekaa Britannia, mwanamke mwenye kofia ya vita, mkono mmoja kwenye ngao, mwingine umeshika mkuki wa ncha tatu. Mwanzoni alikuwa na mnara wa taa upande mmoja na merikebu upande wa pili. Mwaka 1895 vyote viwili vikaondolewa; mnara ukarudi 1937, merikebu haikurudi.

Hayo yajue kwa moyo. Mengine yote yapo ukingoni.

Meno, nukta na mikia ya tarakimu

Kila peni ina pambo linalozunguka ukingo kwa ndani. Peni za mwanzo kabisa za 1860 zina shanga ndogo. Mwaka huohuo shanga zikabadilishwa kuwa meno membamba. Kati ya mabadiliko hayo kuna machotara, sarafu zenye shanga upande mmoja na meno upande wa pili, kwa sababu fundi alifunga kwenye mashine kalibu la zamani na kalibu jipya pamoja. Chotara wa 1860 hupatikana kwa nadra sana. Ukimpata, nunua kwanza, eleza nyumbani baadaye.

Meno hayo ndiyo rula yetu. Katika karne ya 19 tarakimu za mwaka ziligongwa kwa mkono kwenye kalibu, na mkono wa mtu haufanyi jambo lilelile mara mbili. Mwaka mmoja tarakimu zimebanana, mwaka mwingine zimeachana, na umbali huo tunaupima kwa kuhesabu meno yaliyo chini yake. Peni ya kawaida ya 1877 ina mwaka uliotandazwa; ile yenye mwaka mwembamba ni miongoni mwa adimu kupita kiasi. Mtazamaji wa kawaida ataona sarafu mbili zinazofanana. Wewe utaona kwamba tarakimu ya mwisho inaelekea jino badala ya kuelekea mwanya, na usiku huo hulali.

Zoezi la kwanza, basi, ni hili. Chukua peni yoyote ya Victoria, hata ya bei ya soda. Keti karibu na dirisha, shika lenzi inayokuza mara kumi, ipeleke karibu na jicho, kisha lete sarafu kwenye lenzi; wengi hufanya kinyume na hujiumiza shingo bure. Tafuta tarakimu 1 ya mwanzo. Je, inaelekea jino au mwanya? Hesabu meno kwenda kulia hadi tarakimu ya mwisho. Andika. Rudia na sarafu ya pili ya mwaka huohuo. Hesabu zikitofautiana, una makalibu mawili, na umeshaanza kusoma.

Katika kusoma huko utahitaji vitabu. C. Wilson Peck alitoa orodha yake kubwa ya sarafu za shaba, bati na bronzi zilizomo British Museum mwaka 1960. Michael Freeman akaja 1970 na kitabu cha bronzi peke yake, akayapa makalibu ya upande wa kichwa tarakimu na ya upande wa Britannia herufi, kila muungano ukapewa namba. Ndiyo maana ukikaa karibu na wakusanyaji wawili utasikia mmoja anasema "ishirini na sita" na mwenzake anashika kifua. Hawachezi bahati nasibu. Michael Gouby naye alikwenda mbali zaidi kwa peni za Victoria, hadi upana wa mwaka. Nunua kitabu kabla ya kununua sarafu. Ushauri huu hutolewa kila mahali na haufuatwi mahali popote, na wanaouza peni mbovu wanaishi kwa kutofuatwa kwake.

Kuna vitu vingine vya kutazama kwa haraka. Mwaka 1863 baadhi ya peni zina tarakimu ndogo mno chini ya mwaka. Ni adimu sana. Mwaka 1864 tarakimu 4 ina sura mbili, moja imekatika wazi mwishoni mwa mstari wake wa kulala, nyingine ina kijiti kimesimama hapo. Mwaka 1903 kuna 3 iliyofumbuka. Mwaka 1895 kuna peni ambayo ncha ya mkuki imekaa milimita mbili kutoka herufi P, badala ya moja. Watu wazima wawili wakibishana juu ya mkia wa tarakimu, usiwatenganishe, wanafurahi.

Maji kujaa, maji kupwa

Hapa mtu wa pwani anamtangulia Mwingereza. Nyuma ya Britannia kuna bahari, na mstari wa upeo wake haukai mahali pamoja miaka yote. Peni nyingi za 1902 zina maji yaliyojaa: mstari unakutana na miguu ya Britannia pale inapopishana. Lakini mwaka huo ulianza na makalibu ya Britannia wa zamani, na kwenye hayo mstari uko chini zaidi. Hiyo ndiyo peni ya maji kupwa, nayo ndiyo ninayompa kila anayeanza aitafute.

Nitasema kwa nini. Haihitaji lenzi kali. Haihitaji kuhesabu meno. Inahitaji mtu asimame na kutazama bahari kwanza, jambo ambalo wengi wanaoshika peni hawajalifanya hata siku moja. Weka mbili mezani, moja ya kujaa na moja ya kupwa. Usitazame mwaka wala kichwa cha mfalme. Tazama mguu wa mbele ulivyonyooka, ukunjo wa vazi unavyoshuka, kisha fuata maji kutoka kushoto yanavyougusa mguu. Kwenye moja yanaufika juu, kwenye nyingine yamerudi. Aliyeliona hilo mara moja hawezi tena kushika peni ya 1902 bila kuangalia maji, na mfuko wa peni chakavu wa muuza vitu vya zamani humfungukia kwa namna ambayo muuzaji mwenyewe haijui. Maji kupwa si ya bei ya kutisha. Inapatikana kwa anayejua, na hapo ndipo raha yake yote ilipo.

Mwaka 1897 jambo linageuka: la kawaida ni maji ya chini, na ya kutafutwa ni maji yaliyojaa. Kwa hiyo usikariri. Tazama.

Herufi ndogo kutoka Birmingham

Kiwanda cha Sarafu cha Kifalme kilikuwa Tower Hill, London, na kilipozidiwa kazi kilitoa kandarasi Birmingham. Kampuni ya Heaton iliweka H yake chini ya mwaka kwenye peni za 1874, 1875, 1876, 1881 na 1882. Ilirudi 1912, 1918 na 1919, safari hii H ikiwa kushoto kwa mwaka. Na katika miaka hiyo miwili ya mwisho ikaungana nayo kampuni ya King's Norton, yenye alama KN. Anza na H ya 1912. Zilipigwa milioni 16.8, utaipata bila kuuza mbuzi. KN mbili zitakutoa jasho zikiwa na sura nzuri, kwa sababu nyingi zilichapwa hafifu tangu siku ya kuzaliwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani herufi hizo ni za ughaibuni tu. H ya Heaton ipo kwenye rupia ya Mombasa ya 1888, ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. H na KN zote mbili zipo kwenye senti zetu zenye tundu. Na kuna jambo ambalo mkusanyaji wa Uingereza hulionea wivu: Edward VIII aliachia kiti cha ufalme Desemba 1936 kabla peni yake haijatolewa kwa umma, lakini sarafu za Afrika Mashariki za senti tano na senti kumi za 1936 zilikwisha kupigwa zikiwa na jina lake. Tundu katikati, kichwa hakuna, ila jina lipo, na alama za Birmingham zipo. Ukikutana na mkusanyaji wa London anayejigamba kwa peni zake, mwekee hiyo mkononi.

Kupima daraja, au ugomvi wa halali

Daraja ni kiasi cha uchakavu, basi. Halihusu umri, uadimu wala mapenzi. Waingereza hutumia herufi. F ni sarafu iliyotumika sana ambayo sehemu zake kuu bado zinaonekana. VF imetumika kidogo, nywele nyingi zinahesabika. EF ina uchakavu wa pale juu kabisa tu. UNC haikuwahi kuingia sokoni kununua mkate. Wamarekani, wakifuata skeli aliyoianzisha William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti zao kubwa za zamani, hutoa alama kutoka 1 hadi 70 na kuifungia sarafu kwenye kasha la plastiki. Rangi nayo huandikwa kwa herufi, RD ikiwa nyekundu ya kiwandani bado, RB ikiwa imechanganyika, BN ikiwa kahawia.

Sikiliza sasa kanuni ya muuzaji na mnunuzi. Peni ileile, mchana uleule, ni EF mdomoni mwa anayeiuza na ni F mdomoni mwa anayeinunua. Nimeona watu wa dini wakitofautiana madaraja mawili kwa sarafu moja. Dawa ni kuangalia mahali palepale kila mara. Kwa Victoria wa kifundo, tazama nywele juu ya sikio na utepe. Kwa George V, nywele juu ya sikio tena. Kwa Britannia, tazama vazi la kifuani, kofia, na vidole vilivyoshika mkuki. Sehemu hizo zimeinuka na ndizo zinazoliwa kwanza. Zikiwa laini huku sehemu nyingine ni kali, sarafu imetumika; lugha tamu ya muuzaji haizirudishi.

Lakini kwa George V kuwa mwangalifu usimhukumu bure. Kichwa cha Mackennal kilichongwa kwa kina kirefu. Makalibu yalipobana kipande cha bronzi, madini yalikimbilia kujaza kichwa cha mfalme, na upande wa pili Britannia akapungukiwa. Peni nyingi kuanzia 1911 hadi katikati ya miaka ya 1920 zina Britannia hafifu tangu mwanzo, na ukizielekeza kwenye mwanga utaona kivuli cha kichwa cha mfalme kimezunguka nyuma yake kama mzimu. Mafundi walihangaika nalo kwa miaka. Walipata nafuu 1926 kwa kukirekebisha kichwa, na 1928 wakakipunguza ukubwa, mzimu ukatoweka. Kwa hiyo peni ya 1919 yenye Britannia aliyefifia inaweza kuwa haijawahi kuguswa na mnunuzi hata mmoja. Hukumu kwa upande wa kichwa, kwa mng'ao uliobaki kwenye uwanda, na kwa subira. Ile ya 1926 yenye kichwa kilichorekebishwa ni ya kutafutwa: herufi BM shingoni hazina nukta na zimesogea kuelekea kisogo.

Na kabla hujaidharau sarafu iliyoumizwa, kumbuka moja iliyomo British Museum. Ni peni ya Edward VII ya 1903, na juu ya uso wa mfalme mtu amegonga kwa nyundo, herufi moja baada ya nyingine, maneno ya kudai wanawake wapewe kura. Kwa kipimo cha daraja imeharibiwa kabisa. Wanawake wale waliotumia peni kama gazeti lisilokamatika waliipa sababu ya kutazamwa na mamilioni. Ningeitoa peni nyingi za UNC kwa moja ya namna hiyo.

Usisugue

Agizo hili nimeliweka peke yake kwa makusudi. Usisugue. Usichukue ndimu na chumvi, usichukue ukwaju, usichukue majivu, usichukue dawa ya kung'arisha sinia za shangazi. Sinia ya shaba huzaliwa upya ikisuguliwa, peni hufa. Rangi ya kahawia unayoiona uchafu ni ngozi ambayo bronzi imejitengenezea kwa miaka mia, na hiyo ndiyo inayoilinda. Ukiiondoa, unabaki na kitu chekundu cha kupayuka, mikwaruzo kila upande, na mnunuzi mwenye lenzi ataijua kabla hujamaliza kusalimia.

Rangi yenyewe ina historia. Bati lilipoadimika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mchanganyiko wa peni ulibadilishwa, shaba ikapanda hadi asilimia 97 na bati likabaki nusu asilimia. Peni mpya zikatoka na rangi iliyowaka kupita kiasi, na kuanzia 1944 hadi 1946 kiwanda kikazitia dawa ya kuzififisha kabla ya kuzitoa. Kwa hiyo ukiuziwa peni ya 1945 inayong'aa kama kikombe cha ligi, uliza maswali mengi.

Mafuta ya vidole yanaweza kuondolewa kwa asetoni safi, bila kusugua, kisha maji yaliyochemshwa kuwa mvuke na kukusanywa. Kutu ya kijani ikianza, ipeleke kwa anayejua. Shika sarafu kwa ukingo siku zote, juu ya kitambaa, hata mbele ya wageni wanaokucheka. Usiiweke kwenye mifuko ya plastiki laini ya PVC, kwa kuwa hutoa ute wa kijani unaokula bronzi. Kabati la mbao liwe la mkangazi au mahogani. Mwaloni hutoa asidi. Na anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, ambako chumvi ya hewa hutafuna hata bawaba za mlango, afunge sarafu kwenye vidonge vya plastiki ngumu pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na avibadilishe vifuko hivyo kila vinapochoka.

Usitafute ambazo hazipo

Mkusanyaji mpya hutengeneza orodha kuanzia 1860 hadi 1970, mstari kwa kila mwaka, halafu anakonda. Futa baadhi ya mistari sasa hivi. Hakuna peni za 1923, 1924 na 1925. Hakuna za 1941, 1942 na 1943. Hakuna za kuanzia 1955 hadi 1960. Kwa 1952 na 1954 inajulikana moja moja tu. Ya 1953 iliuzwa ndani ya seti za kutawazwa kwa Elizabeth II. Ya 1970 ilipigwa kwa ajili ya seti za wakusanyaji. Anayekuletea peni ya 1924 anakutania au ana haraka na pesa yako.

Mbili ndogo zenye raha ni za 1950 na 1951. Zilipigwa 240,000 na 120,000, zikapelekwa Bermuda, visiwa vya Atlantiki ambako Waingereza wa nyumbani hawakuweza kuzitoa kwenye chenji. Wafanyabiashara wakazirudisha Uingereza, na leo nyingi zina sura nzuri kwa sababu hazikuzunguka sana.

Usiamini pia hesabu za kiwanda kuliko macho yako. Kwa vitabu vya kiwanda, 1869 zilipigwa peni milioni 2.58, na 1871 milioni 1.29, nusu yake. Nenda sokoni uone. Inayosumbua zaidi ni ya 1869. Mkusanyaji hujifunza uadimu kwa kutembea na kutafuta. Karatasi za kiwanda humpa mwelekeo tu.

Waongo na patasi zao

Peni adimu huzaa waongo. Mbinu yao ya kawaida ni kuondoa: wanachukua peni ya 1882 yenye H, wanaparuza H, wanaiuza kama ile isiyo na H, ambayo ni adimu mno. Nyingine H imejifuta yenyewe kwa kuchakaa, na muuzaji anaapa kwa moyo mweupe. Tazama uwanda chini ya mwaka kwa mwanga wa ubavuni. Uwanda usioguswa una rangi moja na mtiririko mmoja. Uliochongwa una bonde dogo au mng'ao tofauti. Mbinu ya pili ni kuongeza: KN inagundishwa, tarakimu inachongwa upya. Mbinu ya tatu ni kumimina sarafu nzima kwenye udongo, na hapo ukingo hukutolea siri, kwa kuwa ukingo wa peni ni laini bila mstari wa kuunganishia. Mizani ya kupima hadi sehemu ya mia ya gramu ni rafiki wa kweli, na sumaku nayo, maana bronzi haivutwi.

Na sasa ile ya 1933. Mwaka huo kiwanda kilikuwa na peni za kutosha ghalani, hakikuhitaji kupiga nyingine. Lakini ilikuwa desturi kuweka sarafu za mwaka chini ya mawe ya msingi ya majengo makubwa, basi zikapigwa chache sana, zinazojulikana ni kama saba, ukiacha zile za majaribio za André Lavrillier. Moja iliwekwa chini ya jengo la Chuo Kikuu cha London. Nyingine mbili zilikwenda kwenye makanisa ya Leeds. Miaka ya 1960 Uingereza nzima ilikuwa ikipekua chenji kuitafuta, watoto kwa wazee, ingawa haikuwahi kutolewa kwa umma. Mwaka 1970 wezi walilitoa jiwe la msingi la Kanisa la St Cross, Middleton, wakaondoka na sarafu zilizokuwamo, peni ya 1933 ikiwa miongoni mwake. Kanisa la pili, St Mary's la Hawksworth Wood, lilitolewa sarafu zake kwa agizo la askofu na zikauzwa mnadani 1972, wezi wasije wakafika kwanza.

Ile ya Middleton haikuonekana tena. Kwa hiyo ukiletewa peni ya 1933, usishangilie mbele ya muuzaji. Ipime uzito. Tazama 3 ya mwisho chini ya lenzi, na linganisha na 3 iliyo kabla yake, umbo, kimo na rangi ya uwanda unaoizunguka. Mwambie akuandikie aliipata kwa nani na lini. Kisha piga simu kwa nyumba ya mnada inayojulikana kabla hujapiga nyumbani.